Shabani, Ilikuwa Albamu Ipi?

Mwanangu Shabani,

Assalaam alaykum. Sisi huku Kerege hatujambo. Shuleni tulifundishwa kwamba kwenye barua lazima useme wasiwasi wako ni juu ya yule unayemwandikia, lakini wewe sasa uko mahali ambapo wasiwasi wangu haufiki, na ninao mwingi, sijui niupeleke wapi.

Baba yako anakusalimu, ingawa hajui kama naandika. Goti lake lile limeanza tena, anaswali kwenye kiti. Bibi yako wa Mkange anakusalimu, kila akipiga simu anauliza kama mvua imelila kaburi, nikimwambia udongo umekaa vizuri haamini. Dada yako Zuhura anakusalimu, na Aziza wake ameanza kutembea, akiipita spika yako anaipiga kofi kama anaamsha mtu. Bhai wa dukani anakusalimu, juzi kanipimia sukari huku anatikisa kichwa, "Yule kijana wa muziki, yule." Shangazi yako Mwajuma anakusalimu sana sana. Huyo nitamfikia.

Na mimi mama yako nakusalimu. Uvae sweta. Mkono umeshaliandika neno hilo, basi naliacha lilivyo.

Shabani, nimechoka na nyinyi. Nasema nyinyi maana na wewe umo.

Wenzako wa gitaa walikuja baada ya Idd, Deo yule mrefu na Neema anayepiga dramu. Wakakaa mkekani, wakala ubwabwa vizuri, kisha Deo akasema wanataka kukufanyia shoo huko Bagamoyo, kwenye ule uwanja wa nyuma ya ukumbi mliozoea kupigia. Ni Jumamosi hii inayokuja. Na hawataki kupiga wimbo huu na ule. Wanataka wachukue albamu moja, ile uliyoipenda kuliko zote, waipige yote kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, kama ulivyokuwa ukiwagombeza kwamba albamu hairukwi. Nikasema haya, vizuri. Deo akaweka sahani chini, akaniuliza, "Sasa mama, ilikuwa ipi?"

Mimi ndiye naulizwa. Nikawaambia nyie ndio mlikuwa naye kwenye hayo makelele, mimi nilikuwa hapa barazani kwangu nasikilizia bodaboda ipi itapunguza mwendo.

Basi wakaanza. Deo akaapa ni ile ya wazungu, ya kiti. Neema akasema hapana, ni ile ya wale vijana wa Nairobi, ya punda, maana walipokuja kupiga Dar alikuona kwa macho yake unalia. Deo akamwambia ulikuwa unalia kwa sababu ya moshi wa mishikaki. Neema akamwambia, "Wewe hata ukichinjwa utasema moshi." Wakabishana mbele yangu mpaka chai ikapoa. Nikawaangalia, nikaona kila mmoja anataja ya kwake yeye. Wewe hamna aliyekutaja.

Mimi majina ya hizo bendi sikuwahi kuyashika, unajua. Nazijua albamu kwa picha, kwa sababu ya fulana ulizokuwa unachapisha Kariakoo. Ya kiti, fulana ya njano, kiti kimekaa peke yake uwanjani. Ya punda, nyeupe, punda kageuza kichwa kama kaitwa. Na ya ngazi, nyeusi, ngazi imesimama tu haijaegemea kitu. Hiyo ya ngazi hakuna aliyeitaja.

Ulinieleza mara moja nikiwa nachambua mchele. Ulisema hawa wa ngazi hawana kampuni, wanajirekodia chumbani kwao, ukisikiliza vizuri unasikia na jogoo wa jirani. Nikakuuliza, sasa mtu unakaa kusikiliza jogoo wa watu, na hapa tunao? Ukacheka mpaka ukakohoa, nami nikaacha mchele nikakimbilia maji. Ndivyo tulivyokuwa. Wewe unanieleza muziki, mimi nasikiliza kifua. Mwenye selimundu kwenye damu akiniambia anakwenda kusimama na watu mpaka usiku, mvua ipo, baridi ipo, kusukumwa kupo, mimi niulize wimbo unaitwaje? Na wewe ukaniambia, "Mama, damu ni yangu na masikio ni yangu. Damu tuhangaike wote, masikio niachie." Nikakuachia. Sasa ona, leo wanakuja kuniuliza mimi habari za masikio.

Lakini nikasema, mimi ni mtu wa kufua. Nguo anayoipenda mtu naijua kwenye kola. Zile fulana tatu nitaziweka pamoja, iliyochakaa zaidi ndiyo jibu, niwape waondoke.

Nikainama chini ya kitanda chako. Hakuna mfuko niliozitia.

Kumbe siku ya arobaini, mimi niko uani nimesimamia sufuria za pilau, shangazi yako Mwajuma kaingia chumbani kwako kakusanya nguo zote kagawa sadaka. Za kabatini tulikubaliana, hilo silikatai. Ule mfuko niliuweka mbali makusudi, na yeye kauvuta kutoka chini ya kitanda kama anayefagia. Nilipomuuliza, akanijibu bila hata kuacha kusuka ukili wa mkeka, "Unamwekea nani, wifi? Nguo ikikaa bure huyo mwenyewe hapati kitu." Hakufanya kwa ubaya. Ndiyo hasira yenyewe hiyo, mwanangu. Angefanya kwa ubaya ningepumua.

Nikamwambia baba yako nataka nizifuate. Akavua miwani. "Tumetoa kwa ajili ya Mungu, leo uende ukadai? Unamkatia mtoto thawabu zake." Nikakaa na hilo neno, sili vizuri. Nikawaza, nikizichukua nakupunguzia huko uliko. Nisipozifuata, wenzako watakupigia albamu ya Deo. Mwisho nikajiambia, sitadai kitu. Nakwenda kuangalia kola tu. Kuangalia si kunyang'anya.

Mwajuma alinitajia aliowapa. Ya njano ilikuwa kwa Rama, yule wa bodaboda pale stendi. Kaniona tu, "Shikamoo mama Shabani, panda twende." Nikamwambia marahaba, siendi popote, geuka nikuone shingo. Wenzake wakaangua kicheko, "Rama leo anapimwa suti ya harusi." Kola imekwisha kabisa, imebaki nyuzi. Nikasema Deo kapatia. Nikamuuliza, ilikuja hivi au wewe ndiye umeimaliza? Akajikuna. "Mama, siwezi kukudanganya. Mimi fulana nikiipenda haivuliwi, hata kulala nalala nayo." Basi, hapo nikajua kola hiyo ni ya Rama, si yako.

Ya punda iko kwa Mama Saumu, muuza samaki. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Wifi yako kanipa mwenyewe, sikuiba." Maskini, kaikata mikono, anaivaa akipara samaki, punda kajaa magamba. Nikamwambia shoga yangu sikuja kudai, niambie tu ilikuwaje ulipoipata. Akasema ilikuwa laini, inaonekana ilifuliwa sana. Lakini laini hiyo ni mimi, Shabani. Hiyo fulana ulikuwa unarudi nayo ina matope mgongoni, sijui mlikuwa mnagaagaa, na mimi nikiona matope naona homa, naifikicha kwa hasira. Yote niliyokuta ni mikono yangu. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikamjibu Zuhura vibaya, nikaunguza na mchuzi.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Kondo, yule anayefyatua matofali njia ya kuelekea baharini. Nilikwenda kumaliza kazi tu, maana ya ngazi hakuna mtu aliyeitaja. Nikamkuta tumbo wazi, kajaa saruji. Nikamuuliza habari ya fulana nyeusi. Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka nayo imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Yeye hiyo haendi nayo kazini. "Hii nguo ya mjini, mama. Nilipewa kama mpya." Kisha akaona ninavyoitazama, akanyoosha mikono yote miwili. "Kama umeifuata, chukua. Mtoto ni wako."

Uso wote ulinishuka kwa haya. Nikamrudishia mikono, nikamwambia ni yako, Mungu aipokee, niiangalie tu.

Kola nzima. Rangi nzima. Nikasema ndiyo maana haikutajwa, hukuivaa. Nikataka kuikunja nimrudishie. Ndipo nikaona mabega. Yalikuwa na vichuguu viwili, huku na huku, vile vinavyotokea nguo ikianikwa kwenye henga. Shabani, kwetu nani anaanika kwa henga? Mimi nguo zote nazigeuza nje ndani nazibana chini kwa vibanio. Nikaigeuza. Haina alama ya kibanio hata mahali pamoja. Hii fulana sikuwahi kuifua mimi.

Ndipo ikanijia ile asubuhi uliyorudi kutoka kusikiliza shoo ya watu Bagamoyo, sauti imekukauka. Chai hukunywa. Uliingia na kuchukua ndoo, ukaenda nayo nyuma ya jiko. Nikakufuata, ukaniambia, "Hii niachie mama, nitaifua mwenyewe." Mimi nikajua umetapika, au damu, unanificha. Nikakushika kidevu, nikakutazama macho kama yana manjano. Ulikuwa na fulana mkononi yenye povu, na mimi nimekazana na macho. Tena ukasema kitu, nakumbuka midomo ikisema, kitu kuhusu wimbo wa mwisho, kwamba hao wa bendi hawakuimba, walipiga tu mpaka watu wakanyamaza. Nikakujibu kanywe chai.

Hapo kwa Mzee Kondo nilikaa juu ya matofali. Aliniletea maji, akarudi kwenye saruji yake.

Nimemwambia shangazi yako. Unajua kasema nini? "Au labda ilimbana tu, ndiyo maana hakuivaa." Nikatoka nje nisije nikamtukana. Lakini neno limeingia, linanitafuna. Ni kweli naweza kuwa nimejitungia. Ila nakujua. Ukipewa nyama, unakula wali kwanza. Kanzu ya Idd ulikuwa unaitoa kuitazama halafu unairudisha. Wewe kitu kizuri hukukitumia, ulikiweka, na hata siku zako nadhani ulikuwa unaziweka hivyo hivyo, na mimi nikikuwekea zaidi juu yake. Kwa nini hukusema lakini? Neno moja tu, mama mimi napenda hii. Ningelishika. Majina ya dawa zako nimeyashika yote, jina la albamu lingenishinda?

Nimempigia Deo, nimemwambia ya ngazi. Akasema, "Mama, hiyo ngumu kuipiga." Nikamwambia hilo mtajua wenyewe. Akasema ule wimbo wa mwisho mrefu mno, na Neema mkono wake mbovu. Nikamwambia kamba za gitaa mnazo, siku mnazo, anzeni leo. Nilisikia Neema nyuma anasema, "Mwambie sawa, mwambie sawa." Inaonekana yeye alikuwepo siku ile ya Bagamoyo na hakuikumbuka mpaka nilipoitaja.

Mzee Kondo kaniuliza kama na yeye anaweza kuja na fulana yake. Nimemwambia aje. Baba yako anasema hitma tumeshasoma, hayo mengine hayajui, atabaki nyumbani. Baada ya hapo akauliza inaanza saa ngapi. Nimemwacha hivyo hivyo, ukimsukuma harudi.

Mimi nakwenda, mwanangu. Nakuahidi nitakaa kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, siinuki, sitamshika mtu kidevu, na huo wimbo wao wa mwisho wasioimba nitausikiliza kwa masikio. Nitakuombea nikitoka pale, si kabla, nisije nikaisikiliza nusu.

Kwaheri Shabani, Mwenyezi Mungu akupanulie hapo ulipo. Lakini kama nimekosea, kama ni ya kiti au ya punda, au kama kweli ilikubana tu, usininyamazie tena. Njoo ndotoni uniambie, na ukinikuta sijalala, maana silali, mwendee shangazi yako Mwajuma, yeye analala vizuri. Ila fanya upesi, kabla ya Jumamosi. Neema anajiumiza mkono huko.

Mimi mama yako.