Siku Niliyoita Baba

Kericho, kwa nyumba za kambini

Kwako Mama,

Nimeandika Mama ili Nyaboke mdogo wangu asicheke akikusomea, lakini moyoni nimesema Baba, vile tunavyokuita kwa lugha yetu tangu nijue kufungua mdomo. Umeamkaje huko Nyamira? Goti limetulia, ama bado linakusumbua mvua ikinyesha? Sisi huku tuko wazima. Moraa ametoa meno ya juu na anauma kila kitu, hata bega la baba yake. Ningekupigia simu, lakini kwa simu tunaulizana tu "unanisikia?" mpaka inakatika, na hii habari inataka mtu akae chini.

Mvua ya huku inakuja alasiri kama ya kwetu. Ikinyesha, na harufu ya majani chai ikitoka kiwandani, mimi huwa narudi jikoni kwako bila kutoka kwa kiti. Naona moshi, naona paka amelala karibu na meko, naona ile mboga ya saga uliyonipikia na maziwa nilipojifungua, ukanisimamia mpaka nikamaliza bakuli. Hapa sokoni pia wanaiuza. Nikiipika inabaki chungu. Sijui wewe huwa unaitoa vipi ule uchungu, na nikiwa nyumbani sikuwahi kuuliza.

Sasa habari yenyewe. Unakumbuka mashine zilipoanza kuchuma majani chai, tukaambiwa tubaki nyumbani. Baadaye kituo cha afya cha hapa karibu kikatafuta akina mama wa kufundishwa ushauri, wa kukaa na wanawake waliojifungua na roho zao zimelemewa. Hawakutaka masomo mengi. Walitaka mtu anayejua kusikiliza. Najua unacheka, wewe uliyekuwa unasema nikinyamaza hata kuku wanashangaa. Lakini walinichukua, nikawa nafanya kazi huku nafundishwa.

Tulikubaliana kwamba tunayoambiwa hayatoki nje. Haya ninayokuandikia nimepewa ruhusa na mwenyewe, na jina lake silitaji. Ni msichana Mkipsigis wa pande za Soin, rika langu. Mtoto wake ni mdogo kuliko Moraa. Mwanamume aliyezaa naye alienda akazima simu, na mama yake yule msichana alishakufa kitambo. Alikuwa akija kituoni anamweka mtoto kwa benchi kando yake, kama mzigo ameachiwa na msafiri amchungie.

Tukaanza kuzoeana. Halafu siku moja, hata hakuinua sauti, akaniambia, "Akija mtu sasa hivi amtake huyu mtoto, nampa na shuka zake."

Mama, neno lilinitoka kabla sijalishika. Nilisema, "Baba!" Vile huwa nakuita maji moto yakinirukia. Aliniangalia, akambeba mtoto, akatoka mvua ikinyesha bila kufunga mlango.

Mimi nikafikiri ameona aibu kwa yale aliyosema. Nikamweleza mwalimu wetu siku hiyo hiyo, naye akamtuma nesi akamwangalie. Mtoto alikuwa ananyonya vizuri, lakini nesi hakuambiwa neno, na kituoni yule msichana hakurudi. Siku ya soko nikamkuta huko sokoni Sigowet kwa wauza nyanya. Nikamkimbilia, nikasema, "Dada, pole. Pole sana."

"Pole ya nini? Kwani umeona nimeanguka?"

Wauza nyanya wakacheka, na mimi nikarudi nyumbani hata nyanya sikununua. Niliogopa, Mama. Niliogopa atampa mtu yule mtoto kweli, ama afanye jambo baya kuliko hilo, na amebaki bila mtu wa kumwambia. Nikamwambia mume wangu niache hii kazi. Akasema nimalize kwanza wiki hiyo.

Na kumbe somo la wiki hiyo lilikuwa ni hilo hilo, namna ya kurekebisha mkiharibiana na yule unayemsaidia. Mwalimu wetu ni Madam Chepkemoi, mama wa Bomet, anaongea polepole kama mtu anayemimina uji. Alisema hakuna mshauri ambaye hataharibu, na anayesema hajawahi kuharibu huenda hajaangalia vizuri. Akatupanga wawili wawili tufanye mazoezi. Mimi nikapewa Mzee Langat, ndiye mwanamume peke yake darasani na ni mzee wa kanisa. Aliambiwa ajifanye mwanamke ambaye nimemuudhi. Mama, alichukua leso yangu akajifunika, akageukia ukuta. Nikaeleza. Nikasema pole. Nikaeleza tena. Kutoka ndani ya leso akasema, "Mimi bado nimekasirika, na chai yako sinywi." Darasa lote likaangua kicheko, hata Madam akapangusa macho.

Halafu akanigeukia. "Kemunto, umemwambia ulimaanisha nini. Umemuuliza alisikia nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Kama hujui alisikia nini," akasema, "hiyo pole ni ya kukusaidia wewe upumue."

Hapo nilikukumbuka. Ulikuwa unanigombeza asubuhi, na jioni huleti maneno marefu. Unasema tu, "Njoo unishikie mdomo wa gunia." Unamimina mahindi, mimi nimeshika, tumeangaliana, na hakuna pa kuficha macho. Gunia likikaribia kujaa ndiyo unauliza, "Kwani asubuhi ulifikiri nimekukataa?" Na kweli ndivyo nilikuwa nimefikiri. Kila mara ndivyo nilikuwa nimefikiri. Nilitamani lile gunia, Mama, na vumbi lake la mahindi kwa pua.

Madam akanishauri niende mara moja tu, niulize, na nisilazimishe. Nikamkuta yule msichana nje ya chumba chake anaanika nepi, mtoto yuko mgongoni. Nikasimama mbali kidogo. "Siku ile nilisema kitu ukaondoka," nikamwambia. "Nimekuja kujua ulisikia nini. Sina lingine."

Akaendelea kuanika. Halafu akasema akiwa bado amenipa mgongo, "Uliniuliza baba yake yuko wapi. Kama wale wengine wote."

Mama, nilitaka kucheka na kulia pamoja. Maelezo yalikuwa yamejaa mdomoni, nikayameza. Nikamwambia, "Kama ndivyo ulisikia, ni haki ulivyoondoka. Hata mimi ningeondoka."

Akageuka. "Kwani ulisema nini?"

"Nilimwita mama yangu. Ulichosema kiliniuma nikamwita. Kwetu Kisii, mama ndiye tunamwita baba."

"Mama ndiye baba?"

"Ndiyo."

"Na baba sasa mnamwita nani?"

"Tata."

Akaangalia ile nepi mkononi. "Nyinyi Wakisii mna shida kubwa," akasema, tukacheka mpaka mtoto akaamka. Kisha kicheko kikamwisha usoni. Akasema, "Basi hata mimi ni huyo baba wenu namlilia. Nilipojifungua hakukuwa na wa kuniambia lolote."

Tukakaa mlangoni. Tuliyoongea hapo siyaandiki, ni yake. Nitakuandikia tu tulivyoachana. Matone ya mvua yalianza, na nepi ziko kamba nzima. Alimfungua mtoto mgongoni akamweka mikononi mwangu. "Nishikie kidogo nianue nguo," akasema. Akaenda hatua chache, akasimama, akanigeukia.

"Halafu unirudishie."

Nilirudi nyumbani nikilirudia hilo neno njia yote. Unirudishie. Tangu siku hiyo anakuja kituoni, na kwa benchi sasa mtoto anakaa mapajani. Bado kuna siku mbaya, Madam anasema zitakuwepo. Mimi sitaacha hii kazi. Na Desemba nikija na Moraa utanionyesha hiyo saga inatolewaje uchungu, maana kuna mtu nataka kumpikia.

Nisalimie Tata, mwambie Moraa ana kipaji chake cha uso kabisa. Nisalimie shangazi anayekuletea maji, Mungu ampe nguvu. Nyaboke, asante kwa kusoma, na usiruke mahali.

Yule msichana naye, aliponiruhusu nikuandikie, alinipa salamu zako. Kwa ulimi wa kwao b inatoka p. Nyaboke amsomee Mama vile vile ilivyosemwa: "Salimia paba wako."

Ni mimi mshika gunia wako,
Kemunto, mama Moraa