Mchumba Asiyejua Kula Embe

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha barafu,
Kisiwani.
Tarehe 11 Desemba

Mpendwa Dada,

Shikamoo dada yangu. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na baridi ya huko haijakugeuza ubao. Huku tunapumua. Mama mzima, ila mikono bado inatetemeka. Wifi yako mzima pamoja na mdomo wake. Mimi mzima kupita kiasi, hata shati la mwaka jana limenikataa.

Maembe yameiva. Sisemi ili kukutia uchungu, ingawa najua utaumia. Dodo zinaanguka uani kutwa kucha, bati la jikoni limebonyea kama sufuria ya jeshi. Yale uliyonitumia picha yake, yaliyobandikwa karatasi shavuni kama mzigo wa posta, usiyaite maembe mbele za watu. Mimi niliyepika melini miaka tisa, nikaonja matunda ya kila bandari yenye jina, nakwambia hivyo ni viazi vilivyopakwa rangi.

Sasa yale uliyoniagiza. Ulisema mimi ndiye mjomba, nimtazame mchumba wa binti yako, nikupe neno moja: aolewe naye au asiolewe. Alikuja Jumapili. Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma, na kicheko kingine nimekimeza kwa ajili ya adabu.

Bwana mwenyewe ni mpima ardhi. Mrefu, mwembamba, kalamu mbili mfukoni siku ya mapumziko. Katokea bara, juu huko kwenye ukungu, ambako nadhani miti inazaa mawe. Nimempachika jina Bwana Rula na nyumba nzima imelipokea, isipokuwa binti yako, anayenikata jicho kila nikilitaja.

Wifi yako akaweka beseni la maembe katikati ya mkeka. Unatujua sisi: embe unalivamia, maji yanatiririka hadi kiwikoni, kokwa unalifyonza mpaka libaki jeupe. Bwana Rula akaomba kisu. Kisu, dada. Kisha akaomba na uma.

Nikamuuliza, "Bwana mdogo, unataka kulila au kulifanyia upasuaji?"

Akasema, "Samahani mjomba, naomba na sahani."

Mtu hata kutaniwa hajui.

Akamenya polepole, ganda likatoka utepe mmoja, akakata vipande sawasawa kama anagawa viwanja. Kokwa akaliweka kando na nyama zake zote, utajiri mzima umelala pale. Nikasema moyoni, huyu kwisha kazi. Neno lako nilikuwa nimeshalipata: asiolewe.

Sahani ile hakuila. Aliisogeza mbele ya Mama, na uma juu yake.

Hili sikuwahi kukuandikia, dada, kwa sababu ndiyo kwanza nimelijua. Tangu mikono ianze kutetemeka, Mama hali mbele ya wageni. Husema ameshiba. Hata mbele yetu sisi ameanza kushiba hivyo hivyo. Msimu mzima tumekaa kwenye mkeka ule tukifyonza na kujisifu, na mimi, mjanja wa bandari zote, nikamwamini.

Mama akamwambia, "Nimeshiba, baba."

Naye akajibu, "Basi nisaidie, bibi, nimekata mengi."

Mama akala vipande kumi na kimoja. Havikumponyoka, wala tone halikumwangukia nguoni. Yule bwana akamenya embe la pili, akamenya na la tatu, akiongea na binti yako mambo ya mipaka na vigingi kana kwamba hamtazami Mama kabisa. Mwenyewe hakuonja hadi Mama alipojifuta mdomo.

Alipokula yeye, aliliharibu. Simtetei. Maji ya embe yalimwingia mpaka kwenye miwani, na uma anao mkononi.

Neno lako moja hili hapa: aolewe. Nimemwambia arudi Jumapili ijayo. Tangu Jumatatu Mama kila akiamka ananiuliza leo siku gani.

Nisalimie yule jirani yako muuguzi, na fundi cherehani unayekaa naye, mwambie sijasahau kunicheka kwake. Wifi yako anakusalimu, Mama anakubusu mikono yote miwili. Mungu akufunike huko uliko, akupe usingizi mzuri na kazi nyepesi.

Wako akupendaye kwa kelele zote,
Mdogo wako, Mpishi wa Meli