Nitalalaje Chumba Kimoja na Mkwe Wangu Kwenye Treni?

Shangazi mpendwa, nikuamkie kwanza, maana ninachokuja nacho ni aibu na sina wa kumwambia hapa mtaani. Mimi ni mama mtu mzima, mjane, mshonaji wa sare za shule, na jicho langu la kulia limezibwa na mtoto wa jicho, la kushoto nalo limeanza kufuata, siku hizi nikitaka kutunga uzi kwenye sindano naita wapita njia, sasa daktari kanipangia upasuaji hospitali ya mbali ambako treni inalala njiani, na binti yangu ndiye angenipeleka lakini amejifungua juzijuzi, kwa hiyo mumewe, fundi friji, kijana mpole mpaka anakera, akasema atanipeleka yeye, nikashukuru, nikamwombea dua, kumbe amekata tiketi za chumba cha watu wawili, mimi kitanda cha chini, yeye cha juu, akaja kunieleza kwa furaha, "Mama, tutakuwa peke yetu, hakuna wa kukusumbua."

Shangazi, mimi nakoroma. Tena si kidogo. Marehemu mume wangu alikuwa akiniita Jenereta, na majirani hawakuhitaji kuuliza kwa nini. Huyu kijana tangu amwoe binti yangu hajawahi kuniona hata bila kitambaa kichwani, akiingia haketi mpaka niketi, leo nimwachamie mdomo usiku kucha naye yuko juu hapo ananisikiliza? Nimefikiria kukaa macho mpaka asubuhi, nimefikiria kukata tiketi ya kiti behewa la nyuma nimwambie napenda upepo, na jana nimefikiria kumwambia jicho limepona. Halafu binti yangu ananiambia mumewe siku hizi akipanda kitandani anajifunga kitambaa kidevuni na kulala kifudifudi, nadhani jino linamsumbua, basi nikasema sababu ndiyo hiyo, nisimtese mgonjwa, safari ife. Nishauri, treni ni wiki ijayo.

Mimi, Jenereta

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Jenereta, pole kwa jicho na hongera kwa mjukuu. Baada ya hapo nakugombeza.

Eti jicho limepona! Umwambie nani, mtu anayekuona unapapasa ukuta wa nyumba yako mwenyewe? Ukikosa upasuaji huo, cherehani utaifunika shuka, na mjukuu wako utamjua kwa sauti tu. Hayo ndiyo ya kukunyima usingizi.

Na jino gani, mama? Mwanamume anayejifunga kidevu na kulala kifudifudi kabla ya safari haumwi jino. Anakoroma! Anajifunza kunyamaza kwa ajili yako, masikini. Mnaogopana bure, wawili wenye ugonjwa mmoja, na nimecheka mpaka mhariri amekuja kuchungulia.

Sasa treni. Gauni la kulalia liache nyumbani. Lala na gauni lako pana la safari, kitambaa kichwani, na ubebe shuka nzito, maana alfajiri baridi inapenya. Mkoba weka upande wa ukutani. Mkishaanza kusinzia tu atagonga mkagua tiketi, usishtuke. Choo kiko mwisho wa korido na korido inayumba, ndiyo maana sikushauri ukalale chumba cha wanawake usiowajua. Ukitaka kwenda, mwamshe mkweo akushike mkono. Hiyo si aibu, ndicho anachokusindikizia. Magurudumu yana kelele, yatakumeza wewe na mkoromo wako. Lakini sikudanganyi: treni ikisimama kituoni kila kitu kinanyamaza ghafla, na hapo utasikika. Atakusikia, nawe utamsikia. Kisha treni itaondoka, na asubuhi mtakunywa chai.

Kukaa macho nakukataza kabisa. Daktari anataka mgonjwa aliyepumzika, hataki mtu aliyefika presha imepanda kwa sababu ya adabu.

Fanya hivi, na ufanye leo. Mpigie simu huyo kijana, usipitie kwa binti yako. Mwambie, "Mwanangu, mimi nakoroma sana." Akimaliza kucheka, muulize atakuja kukuchukua saa ngapi.