Ukoka wa Mama Mkwe

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku Kanyenye tu wazima. Babu yako anakohoa, lakini ugali anaumaliza.

Umeuliza kama ung'oe ukoka wa uani kwako, maana kiangazi kimeukausha. Usiung'oe.

Nilikuwa mwaka wa tatu kwenye ndoa bila mtoto; maneno ya watu sikusimulii. Kiangazi cha mwaka huo nikashika jembe ning'oe ukoka wa mama mkwe, uwanja ubaki wa kufagia kama kwetu Sikonge. Akanipokea jembe taratibu.

"Acha, mwanangu. Haujafa huu, unangoja mvua."

Akaumwagia maji aliyooshea vyombo. Habari ya mtoto hakuniuliza, siku hiyo wala baadaye.

Hadi leo nikimwaga maji pale, namshukuru. Baba yako alijifunzia kutambaa juu ya ukoka ule.

Bibi yako