Urefu wa Barua ya Macho ya Mama Vifungo

CHAMA CHA MAFUNDI CHEREHANI, KIKAO CHA DHARURA

Siku: Jumanne tarehe 14, baada ya kazi.
Mahali: Chumba cha nyuma, kwenye meza ya kukatia.
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Mpiga Pasi, Mama Vifungo (mjane wa kaka yake Katibu), na Katibu, anayeandika kumbukumbu hizi mwaka wa kumi na tisa na hajasahihishwa na mtu.
Hakuhudhuria: Fundi Magauni. Amenuna tangu kikao kilichopita.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua saa kumi na nusu, akaomba watu wasikalie vitambaa vya wateja. Alimtazama Katibu. Katibu alikuwa amesimama.

KUMB. NA. 2/3: BARUA YA MCHANGO
Katibu alileta barua ya kuwaomba wateja mchango wa kumtibu Mama Vifungo macho. Kurasa tano, mwandiko safi. Mpiga Pasi alisema mteja hasomi hata risiti, nusu ukurasa yatosha. Katibu alimjibu kwamba barua fupi ni ya mtu asiye na la kusema.

Mama Vifungo, ambaye siku hizi hushona kwa kupapasa, alichukua shati akasema, "Soma, shemeji. Nashona tundu moja la kifungo. Likiisha, huo ndio urefu." Wajumbe walikubali.

Katibu alisoma. Alikuwa ukurasa wa pili, pale barua inaposifu makoti saba aliyoshona shemeji yake kwa siku mbili, Mama Vifungo akakata uzi kwa meno. "Tundu limekwisha, shemeji, na mimi bado sijaugua."

Wajumbe walicheka. Katibu hakucheka.

KUMB. NA. 3/3: SINDANO
Mwenyekiti aliuliza nani humtungia uzi Mama Vifungo, maana kila asubuhi mto wake wa sindano una sindano ishirini zenye uzi tayari. Mama Vifungo alisema alidhani ni wote kwa zamu. Mwenyekiti alikana. Mpiga Pasi alikana. Katibu alieleza kwamba macho yake yeye Katibu ni ya mwewe tangu utotoni, kila mtu anajua, na akaomba jambo hili lisiandikwe. Ombi lilikataliwa.

Mama Vifungo aliuliza, "Tangu lini?"

Katibu alijibu, "Tangu uliposhona kifungo cheusi kwenye shati jeupe, ukasema mteja ndivyo alivyotaka."

Mama Vifungo alipapasa meza mpaka akaupata mkono wa Katibu.

Katibu aliandika upya palepale: "Mama Vifungo wetu haoni tena tundu la sindano. Tunamtungia uzi. Tusaidieni atunge mwenyewe."

Ilisomwa. Tundu la pili halikufika hata nusu. Mama Vifungo alisema imetosha. Katibu aliomba kuongeza mstari kuhusu yale makoti saba. Wote walikataa.

Watu walitawanyika saa kumi na mbili kasoro robo. Katibu alibaki nyuma, kulikuwa na sindano za kesho.

Sahihi:
Mwenyekiti ...................
Katibu ................... (mwandiko wake mwenyewe)