Hema la Nane la Mama Geneviève Kataliko

Leo mwaka umetimia, Mama Geneviève, tangu ulipotutoka, na bado kuna asubuhi tunatega sikio tukidhani mashine yako ya kushona itaanza kulia kabla ya chai.

Ulitoka Butembo ukiwa bi harusi, ukaanza kazi hapa Lubumbashi kwa kushona maturubai ya malori yaendayo mpakani Kasumbalesa. Ulikuwa mpole. Mwanafunzi akiharibu kitambaa hukumfokea. Ulivuta kigoda, mkafumua pamoja. Uliimba ukishona, maneno ukiyakosea, na tukikusahihisha ulikasirika kweli.

Lakini habari ya hema la nane ndiyo tunayotaka watu waisikie.

Paulin, mkuu wa kundi la wahifadhi wa wanyama, alikuagiza mahema manane ya kupanda nayo Ruwenzori, kule juu kwenye theluji, wakahesabu chui. Asubuhi ya kupakia uliyasimamisha yote uani, ukayamwagia maji kwa mpira saa nzima, kisha ukaingia kila moja kwa magoti, ukipapasa mishono. Saba yalikuwa makavu. La nane lilikuwa na unyevu konani.

"Hii haiende," ulisema.

"Mama, iko tone moja tu!" Paulin akajibu. "Ndege inatungoja. Tuko bantu kumi na sita, bawili-bawili. Bale bawili batalala wapi?"

"Mutabanana. Kule juu muntu akilala na nguo ya mayi, asubuhi hamutamuamusha tena."

Aliondoka na yale saba, amenuna, bila kukuaga.

Siku yao ya sita mlimani, dhoruba ya theluji ikawafunika. Simu yao ya satelaiti ikanyamaza. Siku ya pili ya kimya hicho uliacha kula. Ya tatu ulimwuliza Baba Muhindo, mumeo, "Kama ni miye nimebaua, na kichwa changu kigumu?" Alikushika mkono. Binti yako Syntiche aliipiga ile namba mpaka kidole kikamuuma.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, simu ikalia. Sauti ya Paulin ilikuja ikikatikakatika.

"Mama, tuko bote. Bazima bote."

Upepo ulikuwa umebeba hema moja. Watu kumi na sita walijibana ndani ya sita yaliyobaki, wakapeana joto, na hakuna aliyelowa. Sisi tulipiga vigelegele. Wewe uliketi sakafuni, machozi yakitiririka, ukauliza:

"Hiyo moja ilikatikia wapi? Kwenye kamba ao kwenye mushono?"

"Kwenye kamba, Mama."

Hapo ndipo ulipovuta pumzi.

Miezi miwili baadaye moyo wako ulichoka. Siku ya maziko, wapwa zako walipoinama kubeba jeneza, Paulin na wenzake waliwaomba wawapishe. "Nilimukasirikia huyu mama," alisema mbele ya watu wote. "Leo batoto bangu iko na baba." Wakakubeba, wakipokezana, mpaka kaburini.

Unakumbukwa na mumeo Muhindo, wanao Syntiche, Elisée na Graciella, dada yako Germaine, wajukuu, mafundi wako wote, na watu kumi na sita walioshuka mlimani.

Pumzika kwa amani, Mama. Hatutakusahau maisha yetu yote.