Mashine Ndiyo Iliyokataa, Mama Mutua

Mpenzi mke wangu,

Hujambo, na mtoto hajambo? Mvua imefika hapo Mwala, ama bado mnatazama mawingu yakipita? Mimi ni mzima, ila hapa Kanada ni baridi tu inayonijulia hali asubuhi. Mtu wa kunisalimu sina.

Uliponiambia kwenye simu, "Kila Jumamosi ati internet imekataa! Sema tu hutaki tukuone," kadi ya simu ikaisha kabla sijajieleza. Najua unatoka huko na mama yangu, mtoto mgongoni, mpaka saiba ya Machakos mnakolipia kompyuta kwa saa, kisha unaketi mbele ya kioo kitupu. Iliniuma sana.

Sikukudanganya. Kompyuta hii nilipewa na mzee mmoja wa kanisani, na ndani ina Linux, si Windows kama ya saiba. Mimi ni mtumiaji tu, msimamizi ni yeye. Mama mwenye nyumba alipobadilisha neno la siri la Wi-Fi, niliandika hilo jipya, mashine ikataka neno la siri tena. Nikarudia lile lile. Ikakataa. Nilimsumbua mama wa watu mpaka akaninunia, akidhani namwita mwongo. Kumbe mashine ilikuwa inataka neno la msimamizi, ndipo iniruhusu kubadilisha chochote, na mzee alikuwa ameshahamia kwa binti yake mji mwingine! Jana nilimpata kwa simu, akacheka weee, kisha akanitajia.

Basi ikakubali. Nikafungua kamera nijaribu, nikaona mtu aliyekonda, macho yameingia ndani. Hata kuku ninaowapakia kwenye mifuko kiwandani wamenona kuliko mimi. Nikazima haraka. Hapo nikakumbuka maneno yako, nikaona hukukosea sana. Mashine ilikataa kweli, lakini ilipokataa, kuna mahali moyoni nilishukuru. Upweke umenila, mke wangu, na sikutaka uuone.

Nisalimie ndugu yangu anayetuchungia mbuzi, na jirani anayekuazima punda wa maji. Mutua amkumbatie susu wake, mama yangu, kwa niaba yangu, nawe umwambie mwanawe anamkumbuka kila siku.

Ukiipata barua hii, nenda Machakos Jumamosi. Nitakuwa nimewasha, Jumamosi hii na nyingine zote, mpaka siku utakayoketi hapo. Ila mara ya kwanza usimchukue mama. Nitazame wewe kwanza, halafu uniambie kama anaweza kuniona hivi nilivyo.

Ni mimi mumeo,
Baba Mutua